Kamati yetu ya kituo cha afya imeletewa programu ya kusoma eksirei na slaidi za hadubini: tuulize nini kabla ya kukubali?

Mwalimu Mstaafu (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni mwalimu mstaafu, na kwa sasa ni mjumbe wa kamati ya usimamizi wa kituo cha afya katika kisiwa kimojawapo cha wilaya ya Ukerewe. Hivi karibuni kampuni moja ilituma wawakilishi wake, wakatueleza kwamba wanayo programu ya akili mnemba inayosoma picha za eksirei ya kifua na kutambua dalili za kifua kikuu, na nyingine inayotumia kamera ya simu iliyofungwa juu ya hadubini kuhesabu mayai ya kichocho na vimelea vya malaria. Mwaka wa kwanza, wanasema, ni bure, na mashine ndogo ya eksirei ya kubebeka wataileta wao wenyewe. Walituonyesha kwenye kishikwambi: picha ya kifua iliingizwa, na kabla sijamaliza kuvaa miwani ikarudi ikiwa imepakwa wekundu sehemu ya juu ya pafu la kulia, na pembeni imeandikwa alama 87. Wajumbe wenzangu walipiga makofi. Mimi nilibaki najiuliza hiyo 87 ni ya nini, na ilipatikana kwa kulinganisha kifua kile na vifua vya akina nani.

Sina ugomvi na teknolojia. Anayeishi kisiwani anajua gharama ya kumvusha mgonjwa hadi Mwanza kwa ajili ya picha tu kusomwa: nauli ya meli, mahali pa kulala, na ndugu wa kumsindikiza ambaye siku hizo zote haendi ziwani. Ikiwa kuna chombo kinachoweza kutupunguzia hayo, nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Lakini kamati imetakiwa kutoa maoni yake, na hakuna hata mmoja wetu aliyesomea udaktari wala kompyuta. Naomba wenye ujuzi watuambie: vyombo hivi vimefikia wapi kwa hakika, vinaelekea wapi, na ni maswali gani mtu wa kawaida anaweza kuyauliza bila kudanganywa na majibu?

Nina na la pembeni. Mjukuu wangu amemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa fizikia, kemia na baiolojia, anataka udaktari, na ndoto yake ni kuwa bingwa wa kusoma picha za mionzi. Kuna mtu amemwambia kwamba kazi hiyo itakuwa imekwisha kabla hajahitimu. Nimwambie nini?

Daktari wa Mlimani

Shikamoo mwalimu. Mimi ni daktari, niko katika mafunzo ya ubingwa wa radiolojia hapa Mwanza, na picha za kifua ndizo ninazoamka nazo na kulala nazo. Nitaanza na hiyo 87 kwa sababu umegusa mahali penyewe.

Alama ile haina maana kwamba mgonjwa ana uwezekano wa asilimia 87 wa kuwa na kifua kikuu. Ni kipimo cha programu yenyewe, kinachoonyesha picha hiyo inafanana kiasi gani na picha za wagonjwa ambazo programu ilifundishwa nazo. Programu mbili za kampuni tofauti zinaweza kuipa picha moja alama mbili zilizoachana sana, na zote mbili zikawa zinafanya kazi vizuri. Kinachoamua nani aitwe kwa uchunguzi zaidi ni kizingiti, yaani alama ambayo kuanzia hapo mtu anahesabiwa kuwa mshukiwa, na kizingiti hicho huwekwa na binadamu. Ninyi mnaoishi na wavuvi mtanielewa nikisema kizingiti ni kama tundu za nyavu: ukizibana, unavua na wasiotakiwa, ukizipanua, wanakupita uliowafuata. Kwa hiyo swali la kwanza kwa wawakilishi wale ni hili: kizingiti chenu kimewekwa wapi, na kilijaribiwa kwa watu wa wapi?

Kuhusu hali ya sasa, kifua kikuu ndilo eneo ambalo ushahidi umekomaa kuliko maeneo mengi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba programu za aina hii zinaweza kutumika mahali pa msomaji binadamu katika kuchuja watu kwa eksirei ya kifua, kwa wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Tafadhali shikeni mambo mawili katika sentensi hiyo. La kwanza ni umri: mapendekezo yale hayakuwahusu watoto wadogo, na kifua cha mtoto si kifua cha mtu mzima kilichopunguzwa ukubwa. La pili ni kuchuja. Programu inachuja tu. Kuthibitisha kunabaki kazi ya maabara, kwa makohozi.

Hapo ndipo hesabu inapoanza, na naomba mwalimu uifanye ubaoni mbele ya kamati. Chukua watu 1,000 wa mialoni, yaani wa kwenye maegesho ya mitumbwi ya wavuvi, na tuseme kwa mfano tu kwamba 10 kati yao wana kifua kikuu. Chukua programu inayofikia kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani limekuwa likikitaka kwa kipimo cha kuchuja, yaani kuwanasa wagonjwa asilimia 90 na kuwaachia wazima asilimia 70. Itawanasa wagonjwa 9 na mmoja atapita. Katika wale 990 wazima, asilimia 30, yaani 297, nao wataitwa. Jumla ni watu 306 wanaosubiri kupimwa makohozi, na katika kila 34 kati yao, 33 hawana ugonjwa. Hesabu hiyo haiifanyi programu kuwa mbaya, maana bila yenyewe ungelazimika kupima watu 1,000 au usimpime yeyote. Lakini mashine ya GeneXpert, ile ya kupima makohozi, iliyo karibu nanyi iko wapi, katriji zake zinapatikana, na makohozi ya watu 306 yatasafiri kwa chombo gani? Mtoa zawadi ya eksirei asiyekuwa na jibu la swali hilo amewaletea orodha ndefu ya washukiwa na hofu, basi.

Niongeze moja la Kanda ya Ziwa. Hapa tunapokea vifua vya watu waliochimba dhahabu Geita kwa miaka, mapafu yamejaa makovu ya vumbi la mawe, na tunapokea waliougua kifua kikuu zamani wakapona lakini makovu yakabaki. Kwenye picha, makovu hayo humchanganya hata daktari, na hali hizi mbili zimejulikana kuzisumbua programu pia. Programu haijui historia ya mtu isipokuwa imeambiwa. Muulizeni mwakilishi: mtu aliyewahi kutibiwa, mmempima kando au mmemchanganya na wengine?

La mjukuu nitalirudia usiku, naingia zamu.

Mpita Njia

Kwa heshima zote, wakuu, zahanati ya kwetu Misungwi mwezi uliopita ilikuwa haina dawa za kutosha, na choo cha wagonjwa kimefungwa. Mnajadili akili mnemba ya nini? Tuanze na akili ya kawaida.

Hadubini

Nimekaa maabara miaka mingi katika kanda hii, na nitajibu upande wa slaidi, ambao naona wengi huupita haraka kwa sababu eksirei inapendeza zaidi machoni.

Kwanza wajumbe wa kamati waelewe kazi yenyewe ilivyo. Kwa kichocho cha tumbo, ambacho ndicho kimeenea zaidi kwenu visiwani na mwambaoni, tunatumia njia ya Kato-Katz. Kinyesi kinasukumwa kupitia kwenye wavu mdogo ili kuondoa makapi, kinajazwa katika tundu la kiolezo linaloingiza miligramu 41.7, kinawekwa juu ya kioo, kisha kinafunikwa na kipande cha selofeni kilicholowekwa kwenye gliserini yenye rangi ya kijani. Unageuza, unabonyeza taratibu mpaka kitandazike sawasawa, unasubiri kiwe angavu. Halafu unaanza kusoma mstari kwa mstari, huku kidole kikibonyeza kihesabio kila unapoona yai refu lenye mwiba ubavuni. Lile la kichocho cha mkojo lina mwiba kwenye ncha, na hulitafuti kwenye kinyesi bali kwenye mkojo. Idadi unayoipata unaizidisha kwa 24, ndipo unapata mayai kwa kila gramu. Chini ya 100 ni maambukizi mepesi, kuanzia 100 hadi 399 ni ya kati, na 400 na zaidi ni mazito.

Sasa fikirini mtu anayesoma slaidi za shule nzima. Kufikia alasiri jicho limechoka, shingo imekakamaa, na yai moja la pembeni linapita. Mashine haichoki, na huo ni ubora wa kweli ambao sitaki kuudharau. Katika kazi ya kuhesabu kitu kimoja kilekile mara elfu, natarajia itatupita, na mimi binafsi nitaisherehekea siku hiyo. Hata hivyo kuna jambo ambalo muuzaji hawezi kulisema kwa hiari yake. Programu hizi hufundishwa kwa picha, na picha rahisi kupata ni za slaidi nzuri zenye mayai mengi. Visiwani kwenu watoto wa shule wamekuwa wakipewa prazikwanteli, dawa ya kichocho, katika kampeni za mara kwa mara, na kampeni kama hizo zikifanya kazi huacha maambukizi mepesi: yai moja au mawili katika slaidi nzima, mara nyingine limekunjwa nusu chini ya unyuzi wa mboga. Nyuzi, chavua na viputo vya hewa vina umbo linaloweza kuidanganya kamera. Kwa hiyo takwimu ya jumla kwamba programu ni sahihi kwa asilimia fulani haitoshi. Waambieni watenganishe: katika slaidi zenye mayai machache kuliko matano, mmepata ngapi na mmekosa ngapi? Kama hawajawahi kutenganisha, hawajui, na kama wanajua lakini hawataki kusema, basi mmeshapata jibu.

Kuna na suala la slaidi yenyewe. Akili yote iko kwenye simu, lakini simu inaona kile tu mteknolojia alichoandaa. Kinyesi kikiwa kinene mno mwanga haupiti. Kioo kikiwa na mikwaruzo, mikwaruzo inapigwa picha. Sijaona programu inayochuja kinyesi. Yeyote atakayewaambia kwamba kwa chombo hiki hamtahitaji tena mtaalamu wa maabara, mwonyesheni njia ya kurudi gatini.

Kwa malaria nitasema kwa ufupi. Vipimo vya haraka vya tone la damu tayari viko kila mahali na vinasomwa kwa macho. Kamera ya kuhesabu vimelea itasaidia katika kufuatilia mgonjwa aliyelazwa na katika utafiti. Kwa mgonjwa wa kawaida wa asubuhi itaongeza foleni tu.

Ndugu Mpita Njia, hoja yako ya choo ni ya haki na sitaibishia.

Tabibu wa Mwaloni

Ndugu Mpita Njia ameniuma lakini amesema kweli nusu. Nusu nyingine ni hii: mimi ni tabibu katika kituo cha pembezoni upande wa Sengerema, na mara nyingi usiku niko peke yangu na muuguzi mmoja. Mgonjwa anapokuja saa nane za usiku na hali ambayo sijaiona tangu chuoni, hakuna wa kumuuliza. Simu ya daktari wa wilaya huenda ikapatikana, huenda isipatikane. Chombo kinachoweza kuniambia kwa utulivu kwamba nimesahau kupima sukari, au kwamba dawa niliyoandika haimfai mjamzito, kwangu si anasa. Ukosefu wa choo hauondoi haja hiyo.

Na ushahidi wa jambo hilo umeanza kupatikana hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 2025 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa Nairobi katika vituo 15 vya Penda Health, mtandao wa kliniki za huko, kwa kushirikiana na OpenAI, kampuni inayotengeneza ChatGPT, ukihusisha takriban ziara 40,000 za wagonjwa. Tabibu alikuwa anaandika maelezo ya mgonjwa kwenye kompyuta kama kawaida, na mfumo ukawa unasoma kimyakimya na kuwasha rangi: kijani kama hauoni tatizo, njano kama kuna la kufikiria, nyekundu kama kuna hatari. Uamuzi ulibaki kwa tabibu. Madaktari waliopitia majalada baadaye walikuta makosa ya utambuzi wa ugonjwa yamepungua kwa asilimia 16 na makosa ya matibabu kwa asilimia 13 yakilinganishwa na ya matabibu wasiokuwa na mfumo. Upande wa wagonjwa wenyewe kujisikia wamepona, tofauti iliyoonekana haikuwa kubwa kiasi cha kuitegemea. Nami nataja hilo makusudi, kwa kuwa katika semina husemwa lile la kwanza tu.

Lakini angalieni kilichokuwepo Nairobi kabla ya akili mnemba kufika: umeme, mtandao, na kumbukumbu za mgonjwa zilizoandikwa kwenye kompyuta. Kwangu mimi mgonjwa anaandikwa kwenye kitabu cha MTUHA, yaani rejista ya serikali ya taarifa za huduma za afya, kwa kalamu, mstari mmoja: jina, umri, kijiji, ugonjwa, dawa. Mfumo unaosoma maelezo utasoma nini katika mstari huo? Na mgonjwa wangu wa mwezi huu, kama ni mvuvi, mwezi ujao amehamia kambi nyingine kumfuata dagaa, na historia yake imebaki kwenye kitabu changu. Nikiulizwa akili mnemba ianzie wapi katika kanda hii, nitasema ianzie kwenye kumbukumbu zinazomfuata mgonjwa anakokwenda, kazi ambayo haina mvuto wowote na ambayo hakuna anayepiga makofi inapoonyeshwa kwenye kishikwambi.

Mazingira yetu yana namna ya kuivunja takwimu nzuri. Google walipopeleka Thailand programu yao ya kusoma picha za macho ya wagonjwa wa kisukari, programu ambayo katika majaribio ya maabara ilikuwa imefanya vizuri sana, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba zaidi ya tano moja ya picha zilizopigwa kliniki zilikataliwa na mfumo kwa kutokuwa na ubora, sababu mojawapo kubwa ikiwa ni vyumba visivyokuwa na giza la kutosha. Mtandao ulipozubaa, foleni nayo ilisimama. Wauguzi walijikuta wakimwambia mgonjwa arudi siku nyingine kwa daktari mwingine, wakati wao wenyewe kwa macho yao waliona picha haina tatizo. Sasa hamishieni hilo kisiwani, ambako siku nyingine maana yake ni meli nyingine.

Lingine linalonitia wasiwasi ni sisi wenyewe. Huko Poland, utafiti uliochapishwa mwaka 2025 uliwafuatilia madaktari wazoefu wanaochunguza utumbo mpana kwa kamera. Baada ya kuzoea kufanya kazi na akili mnemba inayowaonyesha vivimbe, walipofanya uchunguzi bila msaada huo, kiwango chao cha kupata vivimbe kilikuwa kimeshuka kutoka asilimia 28.4 hadi 22.4. Hao ni mabingwa. Mimi, ambaye umeme wangu unakatika, nikizoea kuambiwa na mashine, siku betri ikiisha nitakuwa tabibu wa aina gani? Nadhani vituo vitakavyokubali vyombo hivi viweke siku za kufanya kazi bila vyombo hivyo, kwa makusudi, ili mkono usisahau.

Kinachonipa matumaini zaidi mimi si eksirei. Ni altrasaundi ya wajawazito. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Zambia na North Carolina nchini Marekani, ambapo watu wasiokuwa na mafunzo ya altrasaundi walipitisha kifaa kidogo cha bei nafuu juu ya tumbo la mama kwa mpangilio uliowekwa, bila kutafuta chochote, na programu ikakadiria umri wa mimba kwa usahihi unaolingana na wa mtaalamu mwenye mashine kubwa. Kwa mkunga wa kisiwani kujua kwamba mimba ni ya wiki 33 na si 38, kunabadilisha uamuzi wa usiku huohuo. Na hapo baada ya uamuzi tayari pana njia: ile namba ya bure ya 115 ya m-mama, ya kuwaitia usafiri wajawazito na watoto wachanga wenye dharura, mpango ambao ulianzia Sengerema na Shinyanga kabla ya kuenea nchini. Chombo kinachotoa jibu, na mfumo unaolipokea jibu hilo: vikikutana, mimi nipo. Kama kamati yenu ina nguvu ya kuomba kitu, ulizeni kama kampuni ile inacho hicho.

Sheria na Takwimu

Mwalimu, nitaongeza upande ambao haujaguswa, nao ni nani anamiliki picha za vifua vya watu wenu.

Mwaka wa kwanza bure una bei yake. Programu hizi huboreshwa kwa picha mpya, na picha za watu wa visiwa vya Ziwa Victoria ni adimu, kwa hiyo zina thamani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na inaweka masharti ya kuzikusanya na ya kuzisafirisha nje ya nchi, chini ya usimamizi wa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ulizeni picha zinatunzwa wapi, nani anaweza kuzifungua, mgonjwa anaombwa ridhaa kwa lugha gani, na nini kinatokea kwa picha hizo mkiukatisha mkataba. Jibu liwe kwenye karatasi.

Pia kamati yenu haina mamlaka ya kukubali chombo cha tiba peke yake, na kwa kweli hilo linawalinda. Vifaa tiba nchini vinadhibitiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na eksirei, hata ikiwa ndogo ya kubebeka, inatoa mionzi, hivyo inahitaji kibali na mtu aliyefundishwa kuitumia. Kampuni ambayo imekuja moja kwa moja kisiwani bila kupitia kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, mimi ningeiomba irudi ikaanzie huko. Je, walipitia?

Na msisahau kuuliza kampuni ikifa itakuwaje. Babylon, kampuni ya Uingereza iliyokuwa ikitoa huduma ya daktari kwa simu nchini Rwanda kwa watumiaji wengi sana, ilifilisika mwaka 2023, na huduma ile ya Rwanda ikafungwa nayo. Hapa kwetu wengi mnakumbuka jaribio la mwaka 2018 la ndege zisizo na rubani zilizopeleka dawa kutoka Mwanza hadi Ukerewe, kilometa 60 kwa dakika 40 hivi. Lilikuwa jaribio zuri na lilifanya lilichoahidi. Nani kati yenu visiwani alipokea dawa yake ya mwezi uliopita kwa njia ya angani?

Mwalimu Mstaafu

Nawashukuru wanangu na ndugu zangu. Kwa swali la Sheria na Takwimu: hapana, hawakupitia wilayani, na nimekwishamwandikia mwenyekiti wa kamati kuhusu hilo. Hesabu ya watu 306 nimeifanya ubaoni kweli, na mjumbe mmoja ambaye ndiye aliyeongoza makofi ameuliza katriji zinauzwa wapi.

Nina swali moja kwa Hadubini. Tukitaka kuijaribu ile programu ya slaidi sisi wenyewe kabla ya kuiamini, tukiwa na mteknolojia mmoja tu, inawezekana? Na Daktari, usiku umeshapita, mjukuu anasubiri.

Daktari wa Mlimani

Mwalimu, uniwie radhi, zamu ilinishika.

Mwambie mjukuu kwamba aliyemtisha ana wenzake wakubwa. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, ambaye mwaka 2024 alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kazi yake iliyoweka misingi ya teknolojia hii, alisema watu waache kuwafundisha wataalamu wa radiolojia, kwa kuwa katika miaka mitano mashine ingewazidi. Akaongeza kwamba huenda ikawa kumi. Miaka kumi inatimia, na hospitali za nchi tajiri bado zinawatafuta wataalamu hao kwa taa. Sababu ni kwamba kusoma picha ni sehemu tu ya kazi. Leo mchana nimemchoma mgonjwa sindano ya kutoa usaha kwenye ini huku nikiangalia altrasaundi, nimembishia daktari wa upasuaji kuhusu picha tatu, na nimekataa kupiga picha moja kwa sababu mama alikuwa mjamzito na hakuwa amesema.

Kazi itabadilika, hilo sitamficha. Nchini Sweden, jaribio lililowahusisha wanawake zaidi ya 80,000 waliopigwa picha za matiti, ambalo matokeo yake ya awali yalitolewa mwaka 2023, lilionyesha kuwa kwa msaada wa akili mnemba mzigo wa kusoma picha ulipungua kwa asilimia 44 bila kupoteza saratani zilizokuwa zikigunduliwa. Sweden wanaweza kulitafsiri hilo kuwa madaktari wachache zaidi. Kwetu, ambako picha za wilaya nzima zinaweza kukaa bila kusomwa na bingwa yeyote, mzigo ukipungua kwa karibu nusu maana yake ni kwamba hatimaye zitasomwa. Asome udaktari. Ajifunze na takwimu kwa bidii, hasa uwezekano, kwa kuwa daktari wa kizazi chake atakuwa ndiye wa kuamua kizingiti kiwekwe wapi. Na akifika mwaka wa tatu, aje nimwonyeshe chumba cha picha.

Hadubini

Inawezekana, mwalimu, na haihitaji fedha nyingi. Mteknolojia wenu asome slaidi zake kama kawaida na aandike majibu kwenye daftari kabla programu haijawashwa. Asiyaone ya mashine, na wa mashine wasiyaone yake. Zile mtakazotofautiana, zikasomwe na mtu wa tatu kutoka maabara ya wilaya ambaye haambiwi nani alisema nini. Msichague slaidi nzuri. Chukueni zote za siku hiyo kwa mfululizo, na mhakikishe mna za kutosha zenye mayai machache, kwa sababu zenye mayai mengi kila mtu anazijua.

Fanyeni hivyo kwa wiki kadhaa, na wiki moja iwe ya mvua, umeme unapokatika. Andikeni pia kila mara programu iliposhindwa kutoa jibu, maana wauzaji huziondoa hizo kwenye hesabu zao na kusema usahihi wao ni wa picha zilizosomeka. Ikiwa mnatafuta na minyoo ya safura katika slaidi hizohizo, zisomwe mapema, nusu saa hadi saa moja tangu kuandaliwa. Gliserini huyafuta mayai yake, na ikipita hapo hata mtu wa tatu hatakuwa na cha kuamua.